Mmea mdogo kama vifungo vya koti umevaa ganda kavu: nimwagilie au niache?

Binti_Njiro (Arusha), 14 Januari

Wakuu habari za leo. Naombeni msaada kabla sijapoteza kilichobaki.

Mwaka juzi bosi wangu wa zamani alipokuwa anafungasha kurudi Ujerumani aliniachia vyungu vyake vya maua. Vingi navifahamu, lakini kimoja kina kibao kilichoandikwa Conophytum, na kitu kama hicho sijawahi kukiona kwa mtu mwingine hapa mjini. Hakina shina la kuonekana wala majani tuliyoyazoea. Ni vitufe vya kijani, kila kimoja kama kifungo cha koti, vimebanana 17, na juu ya kila kitufe kuna mpasuko kama mdomo uliofumbwa. Mwishoni mwa Mei mwaka jana mpasuko mmoja ulitoa ua la zambarau kubwa kuliko kitufe chenyewe. Nilivuta kigoda nikakaa kulitazama mpaka chai ikapoa.

Kuanzia Novemba vikaanza kusinyaa. Ukijani ukapotea, na sasa kila kitufe kimefunikwa ganda la rangi ya kaki, jembamba kama la kitunguu. Nikajua ni kiu. Muuza maua mmoja akaniambia nimwagilie kila asubuhi na kuongeza samadi, nikafanya hivyo wiki mbili nzima. Jana nimegusa: vitatu vimelainika, na kimoja nilipokibonyeza kimetoa maji yenye harufu ya kabichi bovu. Nimelia kweli.

Udongo ni ule mweusi wa bustani, chungu ni cha plastiki, kipo ukingoni mwa baraza na mvua za vuli zilikuwa zinakifikia. Umekufa?

Kijana_Sakina (Arusha)

Pole dada. Kaktasi zangu nazimwagilia mara moja kwa wiki mwaka mzima na ziko safi. Punguza maji tu, kisha uweke kwenye jua kali.

Mama_Vyungu (Moshi)

Kijana wangu, kwa kaktasi zako uko sahihi, ila kwa mmea huu ushauri huo utamaliza vilivyobaki.

Binti, hujauua wote. Acha maji leo hii. Mmea umelala, na wewe umekuwa ukiumwagia maji usingizini.

Kwao ni Namaqualand na Richtersveld, kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, hadi kusini mwa Namibia. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi ni jua na ukame. Kwa hiyo mmea huu hukua miezi ya baridi na hupumzika miezi ya joto, kinyume na mazao yetu mengi. Lile ganda si ugonjwa. Majani ya zamani hukauka polepole na kuyaachia maji yake majani mapya yaliyo ndani, na kinachobaki juu ni karatasi ya kumkinga mtoto na jua. Ukiona ganda, jua kazi inaendelea humo ndani.

Shida ya Arusha ni kwamba vuli inanyesha Novemba na Desemba, wakati huohuo ambao mmea unataka kulala. Kwao hiyo ndiyo miezi ya ukavu. Chungu kilichoachwa kwenye mvua hiyo, katika udongo mweusi, lazima kioze.

Jambo jingine: huko kwao mchana wa kiangazi unafika saa 14 hivi na wa majira ya baridi ni kama saa 10. Hapa kwetu, karibu na ikweta, tofauti haifiki hata nusu saa. Jua halitauambia mmea wako kwamba msimu umebadilika. Utaambiwa na ubaridi wa usiku pamoja na maji yako, ndiyo maana mkono wako una uzito kuliko wa mtunzaji wa Cape Town.

Fanya hivi. Ondoa chungu kwenye jua, kiweke mahali penye mwanga wa asubuhi tu na mvua isipofika. Vile vitatu vilivyolainika vikate kwa wembe safi hadi uone nyama ngumu, na usimwagie chochote kidonda kikauke chenyewe. Halafu subiri. Kama vilivyobaki vitakunjamana sana, alfajiri moja kwa mwezi nyunyiza tone la maji juu, lisifike chini. Mimi hata hilo silifanyi.

Binti_Njiro

Shikamoo mama, asante sana. Nimekata, vimebaki 14. Nakiri kimoja nilikibandua ganda kwa ukucha kabla sijasoma jibu lako. Ndani kuna kitufe kibichi kabisa, laini, kinang'aa kama mbaazi iliyotoka kumenywa! Niendelee na vingine?

Mama_Vyungu

Marahaba mwanangu. Usiendelee. Hicho ulichokivua kitie kivuli zaidi, kinaweza kuungua. Ganda litapasuka lenyewe wakati wake ukifika.

Fundi_Udongo (Tengeru)

Mama amemaliza suala la maji, mimi niongelee udongo, kwa sababu hapo ndipo msiba ulipoanzia. Arusha tumekaa juu ya mawe ya volkeno, sioni sababu ya mtu kupanda mmea huu kwenye tope.

Chukua moramu, ile changarawe nyekundu yenye vitundu. Ipitishe kwenye chekeche upate punje kama za mchele hadi za maharage, kisha ioshe mpaka maji yatoke meupe, maana vumbi lake hugandamana kama saruji. Ukipata mawe ya kusugulia miguu, vunjavunja uchanganye. Mimi naweka sehemu tatu za mawe hayo, moja ya mchanga mnene wa mto, na nusu ya udongo uliochekechwa. Samadi hapana kabisa. Mmea huu umezoea nyufa za miamba, ukiulisha unavimba na kupasuka.

Chungu kiwe cha udongo kisichopakwa rangi, kidogo, upana wa sentimita 8 hadi 10. Cha plastiki kinakaa na maji siku nyingi, hasa Juni na Julai wingu la Meru linapofunika mji hadi saa sita mchana. Ila usihamishe sasa. Ngoja uanze kuamka. Ukihamisha, angalia mizizi na chini ya maganda kama kuna wadudu weupe mithili ya pamba. Wafute kwa kijiti chenye pamba na spiriti.

Kijana_Sakina

Nimejifunza, asanteni. Huo mmea naupata wapi? Nimeona watu mtandaoni wanauza makundi makubwa yenye mizizi minene.

Mama_Vyungu

Hayo makubwa usiyaguse, mwanangu. Tangu miaka ya karibu na 2019 watu wameng'oa mamia ya maelfu ya mimea hii porini Namaqualand kwa ajili ya wanunuzi wa mtandaoni, na ziko aina zinazoota kwenye kilima kimoja tu. Kilima kikisafishwa, basi. Tafuta mbegu, au omba kipande kwa mtu. Na kitu chochote cha kutoka nje kiwe na kibali cha TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu; makao yao makuu yapo hapo Ngaramtoni, nenda ukaulize ana kwa ana.

Dereva_Boma (Moshi mjini)

Mama, joto la hapa mjini linaruhusu kweli?

Mama_Vyungu

Kwa shida. Moshi tuko chini ya Arusha kwa mita 500 hivi, usiku haupoi vya kutosha. Vyangu nimevipeleka kwa dada yangu Kibosho, juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, chini ya bati la plastiki linalopitisha mwanga.

Binti_Njiro, 11 Mei

Mama, nimerudi na habari. Nilivumilia Februari na Machi yote bila tone. Katikati ya Aprili, usiku ulipoanza kudai blanketi, nikahamishia kwenye moramu, nikaacha siku tano, kisha nikazamisha chungu kwenye beseni hadi juu pakalowa. Siku ya tisa ganda la kwanza likapasuka. Ndani yake vilikuwa viwili! Nimehesabu asubuhi hii: 21. Masika inamwagika nje, lakini viko chini ya bati.

Mama_Vyungu

Hongera mwanangu. Usimwagilie tena mpaka chungu kiwe chepesi mkononi. Na mwisho wa mwezi utuwekee picha ya ua.