Naomba ushauri: kitabu cha picha cha paa, kaa na mbuzi
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nafundisha darasa la pili huku Uyole, Mbeya. Nimeanza kuchora kitabu cha picha cha maneno yanayosikika sawa lakini maana tofauti. Ukurasa wa kwanza paa amesimama juu ya paa la nyumba. Wa pili mtoto amekaa anaota moto, kaa wa baharini naye anajipasha kwenye kaa la jikoni. Watoto walicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kutazama!

Ninapokwama ni kwenye mbuzi. Wa kufugwa wanamjua, ila ile ya kukunia nazi wengi wao hawajawahi kuiona. Niichore, au nibaki na ya huku kwetu, kama kupanda mti na kupanda viazi?

Halafu nimegundua "paa huyu" na "paa hili" vinawafungua haraka kuliko maelezo yangu yote. Niandike hivyo chini ya kila picha, au kwa umri wao ni mapema? Wanakipenda mno hiki kitabu, sitaki kiwageukie somo la sarufi.

Mliowahi kufundisha wadogo, naombeni mnielekeze.