Mafundi wa kwadi mnatuua, bushi ya usukani imekwisha nyie mnaniuzia tairodi!

Wakuu salamu zenu, leo sina maneno matamu. Niko huku Bombo, Uganda, na nimechoka na hawa watu wanaojiita mafundi.

Nina kwadi ndogo, pikipiki ya magurudumu manne, Mchina wa 110cc, kuukuu kabisa, ile yenye injini ya kulala muundo wa Honda Cub. Kazi yake majani ya ng'ombe na jerikani za maji, lami inaiona tu ikivuka barabara ya Gulu. Sasa usukani ukaanza kucheza, ukiushika ukauvuta mbele na nyuma unasikia kak kak, na ukiingia kwenye barabara ya murramu yenye mawimbi mikono inatetemeka mpaka mabegani. Nikaipeleka kwa fundi, simtaji jina, akisoma atajijua.

Huyo bwana hakuweka hata jeki. Kaangalia kwa macho tu, mikono mfukoni, akasema "mzee hizi tairodi zimekufa, zote, ndani na nje". Haya, nikanunua hizo fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele. Akafunga, kelele ileile. Akasema basi ni beringi za magurudumu. Nikanunua. Kelele ipo palepale. Mwisho akazikaza zile tairodi mpaka matairi ya mbele yakawa yanaangaliana kama wanaosengenya, akaniambia "tulia mzee, sasa haiyumbi". Sasa hivi matairi yanalika kingo za nje tu, katikati bado nyuzi mpya, na pesa iliyoondoka ni zaidi ya laki mbili kwa vitu ambavyo havikuwa vibovu!!

Jamani kupima hii kitu kunahitaji chuo gani? Unainua mbele magurudumu yasiguse chini, mtu mmoja anashika usukani anausukuma mbele nyuma juu chini, mwingine anaweka kidole pale shafti, ile fimbo ya chuma ya usukani, inapopita kwenye kishikio cha juu kinachoishika kwenye fremu. Shafti ikitingishika ndani ya kishikio, bushi ya juu, ile plastiki inayoikumbatia, imekwisha, habari imeisha. Ikitulia juu ikacheza chini kwenye nati, shida ni bushi au beringi ya chini. Ikiwa shafti imetulia kote lakini ukishika tairi kushoto na kulia linacheza, hapo ndio uje na hadithi zako za tairodi. Na ukishika tairi juu na chini likacheza basi angalia beringi ya gurudumu au boljointi, kile kiungo chenye kichwa cha duara. Hata kikombe cha chai hakipoi umemaliza. Mimi nimeipima mwenyewe nyumbani na kijana wa jirani, kidole kikabanwa kabisa na ile shafti, bushi ya juu imebaki ganda.

Nikarudi nayo nikamwonyesha. Unajua alifanya nini? Alikata kipande cha tyubu ya boda akazungushia shafti akafunga kishikio! Mpira! Usukani ukawa mzito, ukikata kona unabaki umekata hukohuko mpaka uurudishe kwa nguvu. Na kule chini pini ya kuzuia nati isifunguke aliipoteza akaweka msumari kaukunja. Msumari kwenye usukani, banange, hivi nati ikitoka niko mtelemkoni nani atakuja kwangu kuwaeleza watoto?

Bushi yenyewe ya kununua usiulize. Wanaoleta hizi kwadi wanaleta na plastiki za rangi na stika na vioo vya pembeni, spea za injini ukiagiza zinakuja, lakini bushi ya usukani, kitu kidogo cha plastiki vipande viwili ambacho hata mtoto anajua kitalika, hakuna. Nimezunguka Kisekka, soko la spea Kampala, kila duka wananiletea bushi ya pikipiki ya Boxer ya mkono wa nyuma, "hii itaingia tu bosi, utaisugua kidogo". Itaingiaje wakati moja ni ya duara nzima na nyingine ni nusu mbili zinazokumbatia shafti?

Basi nikaamua kuchongesha. Na hapo ndio hasira ya pili. Mtu wa mashine ya kukereza akachukua nailoni, akachonga pete nzuri kabisa inang'aa, imeingia kwenye shafti safi, halafu akachukua msumeno AKAIPASUA KATIKATI. Mzee, msumeno una unene! Zile nyama zilizoliwa na msumeno haziko tena, ukizikutanisha nusu mbili tundu sio duara tena, limekuwa yai. Ukikaza bolti inabana shafti pande mbili, pande nyingine hewa. Nikamwambia, akacheka, eti itajilika yenyewe ikae sawa. Kazi inatakiwa ianze na kupasua kile kipande cha nailoni kwanza, unasawazisha nyuso, unafunga nusu mbili pamoja, NDIPO unatoboa tundu kwa kipimo cha shafti. Na kipimo unachukua kwa venia, ile rula ya chuma yenye taya, pale ambapo shafti haijalika, sio palepale penye kibonde. Huyu alipima kwa kamba.

Na hiyo nailoni nayo ina mambo yake, inakunywa maji inavimba. Kiangazi ilikuwa inaenda, mvua ilipoanza tu usukani ukagoma, nikaingia kwenye mahindi ya watu na jerikani zangu. Kama hamna plastiki ile ngumu isiyonywa maji basi nitobolee kubwa kidogo uache nafasi, au nichongee ya shaba uweke mfereji wa grisi, mbona mnajua kuifanya kwa mashine za kusaga? Wanaume wa Katwe pale Kampala wanaunda mashine nzima kutoka vyuma chakavu, bushi ndio ikushinde?

Halafu ile shafti yenyewe. Pitisha ukucha pale bushi inapokaa, ukisikia ngazi basi imelika, bushi mpya itakufa mapema tu. Ijazwe weldi ikerezwe upya au itafutwe nyingine. Hakuna aliyeniambia, nimegundua peke yangu nikisafisha matope. Na sili za vumbi za juu na chini zote hazipo, sijui zilienda wapi, mchanga unaingia moja kwa moja kwenye grisi inakuwa msasa.

Nauliza hivi, kule Jinja watalii wanapanda kwadi kwenye matope siku nzima, hizo bushi zao hazikwishi? Lazima kuna mahali wanazitoa. Anayefanya kazi huko aje hapa aseme wanaagiza wapi au nani anawachongea, na bei, bila kuzunguka. Na kama kuna mtu wa kukereza mwenye venia na anayekubali kupasua kabla ya kutoboa, iwe Kampala iwe Luweero, weka eneo, nitakuja na shafti mkononi. Wale wa "nunua kwadi mpya" piteni kimya.

Na wewe fundi, najua umo humu unasoma. Kwenye bolti mbili za kishikio kulikuwa na vibomba vifupi vya chuma ambavyo bolti inapita ndani, ndivyo vinavyozuia kishikio kisibane bushi ukikaza. Uliniambia "hivi havina kazi". Sasa nikikaza bolti usukani haugeuki, nikilegeza zinafunguka njiani. Vibomba vyangu viko kwenye kopo lako la nati juu ya meza, niliviona. Jumamosi nakuja kuvichukua, na zile tairodi zangu za zamani pia nazitaka, usije ukasema uliziuza kwa mtu wa chuma chakavu.