Mapipa tunayo, mchanga bado mchafu. Tunakosea wapi?

KibandaBamburi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii ya taka za ufuoni.

Tuko vibanda 14 kwenye ufuo wa umma Bamburi, Mombasa. Kuna wa madafu, wa viazi karai na mihogo, wa maji na juisi, na wawili wa kukodisha maboya. Mapipa ni 3 ya chuma, lita 200 kila moja, yote yamepangwa juu kabisa karibu na barabara chini ya mivinje. Mabango ya "Usitupe taka" ni 4. Vijana wawili hufagia Jumatatu saa moja asubuhi. Hata hivyo Jumapili jioni mchanga hauonekani kwa chupa, vifuniko, mirija, magazeti ya viazi, vijiti vya mishikaki na madafu matupu. Ukimwambia mtu aokote chupa yake, hujibu "si kanjo (watu wa kaunti) wanalipwa kuzoa?" au "nilikuta pachafu".

Maswali: mapipa mangapi, na yakae wapi? Kumtoza mteja pesa ya chupa na kumrudishia akiileta, huwezekana ufuoni? Na madafu tuyafanye nini? Najua watu wanatakiwa wabadilike. Nataka kitu cha kufanya Jumapili hii.

Maji_Kujaa

Ndugu, kabla ya mapipa tazama saa. Hapo ndipo kazi yenu inapovujia.

Kwetu Mombasa siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, kisha hujaa tena alfajiri saa hizo hizo. Kupwa huangukia kati ya saa nne na saa tano na nusu za asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3.

Sasa wafuate watu Jumapili ya bamvua. Wanafika asubuhi maji yamekupwa, ufuo mpana. Wanatandika leso mbali chini, mahali ambapo jioni patakuwa ndani ya maji. Wanakula, wanakunywa. Maji yanapoanza kupanda wanasogea nyuma kidogo kidogo, na kila wanaposogea wanabeba leso, mtoto na simu, chupa inabaki. Ikifika saa kumi na moja, bahari imeshazoa nusu ya taka mbele ya macho yenu. Iliyobaki juu huchukuliwa alfajiri. Vijana wenu wakija saa moja na mafagio wanafagia masalio tu, na taka yenyewe iko miambani au imeelekea Shanzu.

Kwa hivyo kufagia Jumatatu peke yake ni kuchelewa. Siku za bamvua fanyeni mizunguko miwili Jumapili yenyewe. Wa kwanza uwe saa saba mchana, maji yakianza kupanda, na uanzie chini kabisa majini kupanda juu. Wa pili saa kumi na mbili jioni. Siku za maji mafu, yaani zile za nusu mwezi, mambo hugeuka, maji hujaa asubuhi na kukupwa jioni, na hapo mzunguko mmoja wa saa kumi na mbili unatosha. Nunueni jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini mlibandike kibandani. Kila siku maji huchelewa takriban dakika 50, basi si lazima mkisie.

Jambo jingine ni mwani. Unapotupwa pwani kwa wingi, msiuzoe wote kwa koleo mkadhani ni uchafu. Mwani hushika mchanga usichukuliwe na mawimbi, na ukiubeba unabeba mchanga pamoja nao. Chukueni reki ya meno mapana, mpasue lundo, mtoe plastiki kwa mkono wenye glavu, mwani muuache.

FundiMapipa

Naongezea kwenye mapipa, maana hayo matatu yamewekwa kwa urahisi wa lori, si wa mwenye taka mkononi.

Mtu aliyekaa mchangani hapandi mita 60 juani kwa kifuniko kimoja. Lakini atatupa anapoondoka, mkono ukiwa unataka kuwa mtupu. Wekeni mapipa pale anapopita lazima: kwenye njia ya kutokea kwenda stendi ya matatu, mlangoni mwa choo, na kwenye mfereji wa kuoshea miguu mchanga. Mengine yakae kati ya vibanda, kila baada ya vibanda viwili, juu ya alama ya maji ya bamvua. Alama hiyo inaonekana: ni ule mstari wa mwani mkavu ulio juu kuliko mingine yote.

Pipa la lita 200 likijaa taka mbichi na mchanga, watu wawili hawalinyanyui kuliweka kwenye mkokoteni. Mwisho hupinduliwa palepale. Likateni katikati, mpate mawili ya lita 100 (nusu isiyo na kitako itiwe kitako), na ndani mvike gunia ili litoke gunia, pipa libaki. Kwa mapipa 3 mnapata 6 bila kununua pipa jipya. Tobolea chini matundu 8 hadi 10 ya ukubwa wa msumari wa inchi 5. Pipa lisilo na matundu hushika maji ya mvua, taka huoza, na uzito huongezeka bure. Liinueni juu ya mawe matatu, kwa sababu chuma kikikaa kwenye mchanga wa chumvi hutoboka kitako upesi. Kisha mlifunge kwa mnyororo kwenye mvinje. Upepo wa kusi hauulizi.

Kunguru ndiye adui mnayemsahau. Pipa wazi lenye mifupa ya kuku au mkate halikai nusu saa. Kunguru anavuta karatasi moja moja na kuitandaza, halafu mteja anayekuja anaona takataka chini na yeye anatupa chini. Huyo aliyewaambia "nilikuta pachafu" alikuwa anasema kweli, ingawa si udhuru. Funikeni kwa ubao wenye tundu la sentimita 20, na juu ya tundu mpigilie kipande cha mpira wa ndani wa tairi kinachoning'inia. Mkono unaingia, kunguru haingii. Msiweke mfuniko wa kunyanyua: watu wanaogopa kuushika, wanaweka taka juu yake.

Pipa likijaa robo tatu, toeni gunia. Pipa lililofurika huita taka pembeni yake, na zikishakaa pembeni, watu huzihesabu hapo kuwa ndipo mahali pake.

Mabango manne ya "Usitupe taka" hayamwambii mtu aitupe wapi. Bango moja lenye mshale na maneno "Pipa hatua 20" lina kazi zaidi.

Hifadhi_Kwanza

Nawaheshimu wote lakini mnapanga mapipa ya kitu ambacho hakifai kuwepo. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini: chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko, mirija. Bahari iliyo mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu ni hifadhi ya baharini tangu 1986. Na mifuko ya plastiki ya kubebea ilikwisha katazwa nchi nzima tarehe 28 Agosti 2017, faini ni shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo. Bado unaona mabuyu na achari yanafungwa kwenye nailoni.

Mimi ningeondoa mapipa yote na kila mtu aondoke na taka yake, kama inavyofanyika mbugani. Pipa humfundisha mtu kwamba taka ni ya mwingine.

FundiMapipa

Mbugani mtu ana gari, na getini anakaguliwa. Bamburi Jumapili anakuja na matatu, watoto watatu na leso iliyolowa, na ufuo hauna geti. Ukiondoa mapipa, taka inatupwa stendi au mtaroni, na mvua ya masika inairudisha baharini. Kuhusu chupa nakubaliana nawe. Tatizo linaanzia kwa muuzaji.

AmanaYaChupa

Hapa ndipo penye jibu la swali la pili. Tujiulize: nani aliwahi kuona chupa ya soda ya kioo imetupwa ufuoni? Ni nadra, na ni watu walewale, tabia ileile. Duka halikuachii uondoke nayo bila kuacha pesa ya chupa. Watu wetu wanajua mpango huu tangu utotoni, hauhitaji semina.

Kama bado mnauza maji ya chupa, fanyeni hivi. Chupa ya shilingi 50 iuzwe 60, na 10 irudi chupa ikirudi na kifuniko chake. Tieni alama kwenye kifuniko kwa kalamu ya wino usiofutika, alama moja kwa vibanda vyote 14. Msitumie karatasi ya kubandika, jasho la chupa baridi linaibandua. Alama ikiwa juu ya kifuniko mnapata mambo mawili: hakuna atakayewaletea chupa za barabarani kudai kumi, na kifuniko hakibaki mchangani.

Kifuniko si kitu kidogo. Plastiki ya chupa ni nzito kuliko maji, chupa ikifunguliwa hujaa na kuzama miambani. Plastiki ya kifuniko ni nyepesi, huelea miezi na miezi, na kasa na ndege huimeza.

Yanayoharibu mpango huu ni matatu. Kibanda kimoja kikikataa, kitaonekana cha bei nafuu na wateja watahamia huko, basi ni wote au hakuna. Chenji za kumi kumi zikikosekana saa kumi jioni, mteja atakasirika na kuitupa chupa kwa hasira, kwa hivyo asubuhi kila kibanda kianze na sarafu za kutosha. Na watoto watazunguka kuokota chupa ili wadai kumi. Wapeni, wamewafanyia kazi.

Chupa zikusanywe kavu, bila mchanga na bila juisi ndani, zikanyagwe ziwe bapa. Mnunuzi wa plastiki hupima kwa kilo na hukataa iliyo na mchanga. Chupa ya nusu lita ina gramu 15 hadi 20, yaani kilo ni chupa 50 hadi 65. Hampati utajiri hapo. Mnapata nauli ya mkokoteni.

Lakini anavyosema Hifadhi_Kwanza ndiko kwa kuelekea: mtungi wa lita 20 wenye bomba, na bilauri za chuma. Uoshaji uwe wa ndoo tatu: sabuni, maji ya kusuuzia, kisha ndoo ya lita 20 yenye vijiko viwili vya mezani vya klorini ya asilimia 3.5, bilauri ikae humo dakika moja na ikauke yenyewe bila kitambaa. Maji ya ndoo hiyo yabadilishwe yakianza kuwa na ukungu. Msifanye mchezo hapa. Bilauri isiyooshwa vizuri ni kipindupindu.

Shamba_la_Minazi

Madafu. Dafu tupu lina kilo 1 au zaidi, karibu yote maji, na haliozi haraka. Madafu 60 ya Jumapili yatakula nafasi kubwa ya mapipa yenu. Yasiingie pipani hata moja.

Muuzaji asimpe mteja dafu aondoke nalo. Anywe palepale, alirudishe, apasuliwe ale nazi changa. Hapo dafu limeshabaki mkononi mwa mwenye panga. Alipasue vipande vinne, si viwili, na avitandaze juani migongo ikitazama juu. Vikikauka ni kuni nzuri kwa wa viazi karai jirani yake.

Dafu lililokatwa kichwa tu likitupwa kichakani hushika maji ya mvua, na mbu wa dengi huzaa humo. Yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10. Mbu huyu huuma mchana, wakati wageni wako wapo mchangani. Ndiyo maana vipande vinne.

MtaaWaMjiWaKale

Neno moja kutoka kisiwani, Mji wa Kale wa Mombasa. Vichochoro vyetu haviingii lori, ni mkokoteni tu, na shida ni ileile ya saa. Mifuko ikitolewa mlangoni usiku, paka na kunguru huipasua kabla ya mzoaji kufika, na watalii wanaotoka Fort Jesus asubuhi wanaikanyaga. Mtaa ukikubaliana kutoa taka baada ya kusikia mkokoteni, na si kabla, njia hubaki safi kwa mfuko uleule na mzoaji yuleyule. Pia tenganisheni za kuoza na zisizooza tangu kibandani. Sheria ya taka ya 2022 inalitaka hilo, na mzoaji hatozi zaidi kwa gunia kavu.

KibandaBamburi

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Mapipa tutayakata Ijumaa. Alama ya kifuniko tumekubaliana vibanda 12, wawili nitakaa nao kesho. Limebaki moja: nepi. Zinafukiwa mchangani, na wengine wanataka tuzichome.

Maji_Kujaa

Zilizofukiwa hufukuliwa na bamvua ya kwanza. Za kuchoma haziungui, zimejaa maji. Utapata moshi na plastiki iliyoyeyuka ikashikana na mchanga. Wekeni ndoo moja yenye mfuniko wa kukaza, ndani gunia, mlangoni mwa choo cha wanawake na si kati ya vibanda, iandikwe NEPI kwa herufi kubwa na kuchorwa picha ya mtoto. Gunia lifungwe na kutolewa jioni ileile kwenda jaani, lisichanganywe na la chupa, maana nepi moja ikipasukia humo mnunuzi atalikataa gunia zima.