Leseni ya Tanzania na muhuri wa wakili huko Ontario

Swali: Ndugu wanajamvi, nimehamia Ontario, Kanada, mwezi uliopita, nami nimekuwa na leseni ya udereva ya Tanzania kwa zaidi ya miaka saba. Kabla ya kusafiri nilithibitishiwa nakala yake na wakili ambaye pia ni Kamishna wa Viapo, lakini nilipoomba leseni ya Ontario karani wa hapa ameikataa. Je, nimekosea wapi?

Jibu la kwanza: Pole, ndugu. Muhuri wa wakili unathibitisha tu kwamba nakala inafanana na leseni halisi. Hausemi kwamba leseni yenyewe ni ya kweli, wala umeendesha gari kwa miaka mingapi. Ontario wanataka barua rasmi kutoka kwa mamlaka iliyotoa leseni, ambayo kwako ni TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), au kutoka ubalozini, na kwa Watanzania ubalozi huo uko Ottawa. Ukithibitisha uzoefu wa miaka miwili au zaidi, utapimwa macho, utafanya mtihani wa maandishi, kisha utaruhusiwa kujaribu mtihani wa barabarani wa daraja la G (leseni kamili) bila kusubiri. Jiandae vizuri, kwa sababu ukishindwa utarudishwa kwenye mtihani wa G2 (leseni ya hatua iliyo chini ya G).

Jibu la pili: Niongeze kwamba leseni yako ya nyumbani inakuruhusu kuendesha kwa siku 60 tu tangu uhamie, kwa hiyo uombe barua hiyo mapema.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Kumbe fedha ya wakili niliitoa bure! Nitawaandikia ubalozi kesho.