Naomba ushauri: yoga nidra inanilaza usingizi

Habari zenu ndugu. Nina miezi mitatu nafanya yoga nyumbani, usiku baada ya kazi. Nikikaa na jnana mudra (mkao wa vidole), ncha ya kidole gumba ikigusa ya kidole cha shahada, akili inatulia kabisa, naipenda sana.

Shida ni yoga nidra, ile ya kupumzika kwa kuongozwa na sauti. Nalala chali mkekani, nafuata sauti ya mwalimu, akili ikipita kiungo kwa kiungo: kidole gumba cha kulia, kiganja, kiwiko… sijafika begani nimeshalala! Nayo inataka mwili ulegee huku wewe unasikia kila kitu.

Nihamishie asubuhi? Mudra naweza kuishika hata nikiwa nimelala, au viganja vitazame juu tu? Kiuno nacho kinauma. Mto chini ya magoti unasaidia? Mliopitia hili, nielekezeni tafadhali.