Eti binadamu ni mnyama?

Jamani naomba kuuliza, mwanangu wa darasa la tano kaja na daftari limeandikwa binadamu ni mnyama, bibi yake kakasirika kweli, nyie mnasemaje?

Jibu: Kisayansi ni mnyama, mkuu. Ana damu moto, ananyonyesha, mwanasayansi Linnaeus alishatuweka kundi moja na nyani tangu 1735.

Jibu: Mi nimekulia Kigoma, kule Gombe sokwe anachuma kijiti anakitoa majani anakichomeka kwenye kichuguu anavuta mchwa anakula, mtafiti Jane Goodall aliliona hilo 1960, sasa tofauti iko wapi?

Jibu: Tofauti ni utu ndugu yangu. Kwetu kumwita mtu mnyama ni tusi zito, bibi ana haki. Mtoto kwenye mtihani ajibu mamalia.