CNC ya kuchonga mbao: niipakie kwenye kontena au nijifunze huku kwanza?

Kutoka Columbus, Ohio

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari zenu.

Mimi ni mtoto wa Nyakato, huku nina mwaka wa tisa, kazi yangu ni ghalani, zamu ya usiku. Mwaka jana nilianza kuchezea mbao kwenye gereji ya nyumba niliyopanga. Sasa nimeona mashine ya CNC iliyotumika, yaani ile inayochonga yenyewe ikiongozwa na kompyuta, meza yake kama sm 80 kwa 80, mwenye nayo anahama na anataka kuitoa haraka. Kuna jamaa anapakia kontena la kuchangia mwezi ujao. Nawaza kuipeleka Mwanza, mdogo wangu aanze kuchonga vibao na milango, nami nikirudi nikute karakana imesimama. Sijawahi kuendesha CNC hata siku moja. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Kutoka Pasiansi, Mwanza

Marahaba mdogo wangu. Mwangaluka wote.

Mimi nilirudi kutoka Ujerumani na mashine ya namna hiyo kwenye kontena, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa. Inunue kama bei inakuridhisha, ila kontena la mwezi ujao liache liende.

Fikiria huyo mdogo wako. Unamtumia kitu ambacho wewe mwenyewe hujui kukiwasha. Biti, yaani kile kisu kinachozunguka na kukata, ikimvunjikia saa nne asubuhi, wewe uko katikati ya zamu. Atapiga simu, utamwambia nini? Jifunzie huko, ambako ukivunja biti leo, kesho nyingine iko mlangoni. Kama mwenye nyumba hataki kelele, ulizia karakana za jamii, na baadhi ya maktaba za Marekani siku hizi zina vyumba vyenye mashine hizi. Hata kile kimashine cha 3018 kinatosha kuanzia (meza yake ni sm 30 kwa 18, ndiyo maana kinaitwa hivyo). Chora kwa programu ya Inkscape, ni ya bure. Kisha kuna programu ya kugeuza mchoro kuwa jikodi, yaani zile amri za "nenda hapa, shuka milimita 2, geuka kushoto", na nyingine ya kuzituma kwenye mashine, kama Candle au Universal Gcode Sender, nazo za bure. Hiyo ni kazi ya wiki mbili. Kinachobaki ni mkono na sikio, na hapo ndipo mwaka unapokwenda.

Mimi nilikuwa mwoga. Ubao wangu wa kwanza wa mninga niliuwekea mwendo wa mm 300 kwa dakika, huku biti inazunguka mara 18,000. Nilidhani polepole ndiyo usalama. Dakika mbili tu karakana ikanuka kama mama lishe kasahau maharage jikoni, na kingo za herufi zikawa nyeusi tii. Biti ilikuwa inasugua, haikati. Hesabu yenyewe ni nyepesi: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno ya biti, mara unene wa kigamba ambacho kila jino linang'oa. Mizunguko 12,000, meno 2, kigamba cha mm 0.05, unapata mwendo wa mm 1,200 kwa dakika. Kisha angalia kinachodondoka. Ukiona unga laini kama sembe, unasugua. Ukiona chenga, unakata. Kimashine dhaifu hakitafika mwendo huo kwenye mbao ngumu, basi punguza kina na mizunguko.

Sasa mbao zenyewe. Huko unanunua ubao uliokaushwa kwa tanuri, mnyoofu, unene uleule mwanzo hadi mwisho. Huku ubao wa inchi moja unaweza kuwa inchi moja upande mmoja na pungufu upande wa pili, na mara nyingi bado una maji. Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kibao cha mtumbwi, mteja nilimpata pale Mwaloni, Kirumba. Jina lilikuwa TUTAFIKA. Ubao niliupiga pleina Jumatatu ukakaa sawa kabisa, nikauegesha ukutani. Alhamisi nikaufunga mezani bila kuupima tena, nikatumia biti ya V ya nyuzi 90, ambayo ikizama zaidi mstari unapanuka. T ya kwanza ikatoka nene, ya katikati nzuri, A ya mwisho kama imeandikwa kwa sindano. Ubao ulikuwa umepinda. Kwa biti ya nyuzi 90, kila mm 1 unayokosea juu au chini, upana wa mstari unabadilika kwa mm 2. Jicho linaona hiyo ukiwa ng'ambo ya barabara, na mteja alitaka jina lisomeke kutoka Kamanga.

Tangu siku hiyo nina kipima unyevu, na sishiki ubao uliozidi asilimia 14. Mbao nazipanga kivulini na vijiti katikati, hewa ipite, hata miezi. Msonobari una haraka, mninga unataka subira. Na risiti za mbao zitunze, pamoja na hati ya kusafirishia kama umezileta kutoka mbali. Watu wa misitu wakikusimamisha njiani hawataki hadithi.

Umeme. Huko ni volti 120, huku 230. Pawa saplai nyingi za mashine hizi zina kiswichi kidogo ubavuni, 115 au 230. Ukisahau kukisogeza, moshi utakukumbusha. Ruta ya mkono, ile mota inayozungusha biti, ya volti 120 mara nyingi haina kiswichi hicho, iache hukohuko, ununue ya 230.

Halafu kukatika. Mimi nilijiona mjanja, nikanunua UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukikatika, nikachomeka kompyuta na bodi ya kuongozea. Ruta nikaiacha kwenye umeme wa kawaida kwa sababu UPS yenyewe ndogo. Siku umeme ulipokatika, ruta ikasimama, lakini bodi haikujua. Ikaendelea kuisukuma biti iliyokufa ndani ya mbao. Nilisikia "ta!", kipande cha biti kikapita karibu na sikio, nacho mpaka leo sijakiona kilikoangukia. Kwa hiyo ama vyote viwe kwenye UPS, ama visiwe. Vikizima pamoja, mashine isiyo na swichi za mwisho wa njia inasahau iko wapi. Toboa vitundu viwili kwenye ubao wa kuchinjia, ule unaolala mezani chini ya kazi, viwe alama yako ya sifuri, yaani pa kuanzia vipimo. Na kazi ndefu igawe kwenye mafaili matatu au manne, umeme ukirudi uanze na faili lililokatika, usianze ubao upya.

Miwani na barakoa sitasema sana. Vumbi la mninga litakufundisha lenyewe.

Kutoka Leeds

Mkuu wa Pasiansi umesema vizuri, ila mimi ningemshauri hiyo mashine asiinunue kabisa. Ajifunze kwenye 3018, kisha kubwa aiagize China ya volti 220 ifike moja kwa moja Dar. Kontena la Marekani la nini? Analipia mizigo ya kitu kilichochakaa, halafu atafute transfoma.

Kutoka Pasiansi, Mwanza

Sikubishii, mdogo wangu wa Leeds. Ila akiinunua na kuifungua na kuifunga mwaka mzima, atajua kila nati yake, na hilo ukiagiza mpya hulipati. Aangalie tu bodi iwe ya GRBL (programu ya bure inayosoma jikodi na kuongoza mashine) au kitu kinachofanana nayo, ili anachojifunza kwenye ndogo kimfae kwenye kubwa. Na kwa vyovyote, wakala wa forodha apewe namba 8465, ndiyo ya mashine za kufanyia kazi mbao, asije akaandika "vifaa vya umeme" kwa uvivu. VAT ya asilimia 18 aihesabu mapema, na lori la Dar hadi Mwanza pia.

Kutoka Columbus, Ohio

Asanteni sana. Kontena nimeliacha, mashine bado najadiliana bei. Na soko je? Nilikuwa nafikiria ramani za Ziwa Victoria za kutundika ukutani, kuwauzia ndugu walioko huku.

Kutoka Pasiansi, Mwanza

Hela yangu ya kila wiki inatoka kwa mafundi seremala wa mtaani. Nilipofika walininunia, wakadhani nimekuja kuwapokonya kazi. Siku moja fundi wa vitanda akaleta ubao wa kichwani, akataka ua katikati na majina ya maharusi. Nikamchongea kwa saa moja, akaondoka nao. Msasa, rangi na vanishi juu yake. Ndipo nikaelewa pesa ilipo. Kibao ninachokimaliza mwenyewe mashine inakichonga kwa saa moja, mimi natoa jasho kwa saa tano: sila (dawa ya kuziba mbao) kwanza ili rangi isisambae kwenye nyuzi za mbao, rangi ndani ya herufi, isubiri ikauke, msasa wa juu, vanishi mara tatu. Wateja wengi wanadhani unabonyeza kitufe na kibao kinatoka kama risiti.

TIN (namba ya mlipa kodi), jina la biashara kwa wasajili wa BRELA, leseni ya manispaa, hivyo mdogo wako aanze navyo hata sasa, havihitaji mashine. Apite na SIDO, shirika la viwanda vidogo, aulizie mafunzo.

Ramani jaribu, zinapendwa. Ila ziwa lina zaidi ya km 300 kaskazini hadi kusini. Ukilichonga kwenye ubao wa sm 25, kila mm 1 ni zaidi ya km 1. Mimi nilichonga maji kwa biti ya mm 3, visiwa nikaviacha vimeinuka. Nikapaka, nikang'arisha, nikaweka dirishani. Akaingia mzee mmoja wa Ukara, akaitazama muda mrefu, akaweka kidole.

"Fundi, hili daraja la kutoka Ukerewe kwenda kwetu limefunguliwa lini? Mimi bado napanda kivuko."

Biti ilikuwa nene kuliko mlango wa maji, ikashindwa kupita, visiwa viwili vikawa kimoja. Siku hizi pale napitisha biti ya mm 1, na nimeshavunja mbili. Kisiwa kidogo cha Saanane hakionekani kabisa, ila wakazi wake ni pimbi na swala, hawajaleta malalamiko.